Anayegonga Nyuma ya Nyumba

Nyundo ya papa, baba yangu, imenifikia ikiwa imeviringishwa ndani ya kipande cha kitambaa cha kikwembe, kama mtu anavyofunga samaki wa safari. Aliyeileta ni Numbi, binti wa papa kwa mke wake wa Kabalo, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona hata siku moja. Alisimama kwenye lango la lupango langu, yaani kiwanja chenye nyumba yangu, akaita "Kokoko!" kwa mdomo, kama tunavyoita sote hapa Kamina hata pale mlango unapokuwepo na mkono unao. Nikamkaribisha kwenye kiti, nikampa maji. Papa alikuwa amekwisha kuzikwa. Habari zilinikuta zimechelewa. Sasa tulikuwa wanawake wawili wazima wenye pua moja, tumekaa kwenye baraza, kila mmoja anangoja mwenzake aanze kusema. Basi akafungua ule mfungo.

Nilinusa kabla ya kutazama. Grisi ya magurudumu, vumbi la reli, na jasho lililoingia ndani ya mpini likakataa kutoka. Mpini ni mrefu na mwembamba, umelainika pale mkono wake ulipokuwa unashika, na kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Wenye umri wangu waliokulia karibu na gare, stesheni ya treni, wanaijua harufu hiyo. Kwao huenda ni harufu ya jioni, baba anaingia, watoto wanamkimbilia. Kwangu ni harufu ya kungoja, na iliponijia pale barazani nilijikuta nimegeuza kichwa kuelekea nyuma ya nyumba, mahali ambapo sasa hakuna kitu ila kamba ya kuanikia nguo.

Papa alikuwa visiteur. Katika kazi ya reli, visiteur ni yule anayetembea kando ya treni iliyosimama, gurudumu hadi gurudumu, anagonga kila moja kwa nyundo na kusikiliza linavyojibu. Gurudumu zima linaimba. Lenye ufa linajibu kama chungu kilichopasuka, na behewa hilo haliondoki. Siku za Jumamosi alinichukua, akanisimamisha mbali kidogo na reli, akagonga.

"Sikiya, mama," aliniambia, maana aliniita mama kama baba wengi wanavyoita binti zao. "Hii iko muzima. Sasa sikiya hii ingine. Hii njo nini?"

"Iko sawasawa."

"Hapana. Sikiya tena. Usiangarie, sikiya tu."

Mwanzoni sikusikia tofauti yoyote, nikawa nabahatisha. Baadaye nikaanza kusikia kweli. Siku ile nilipopatia bila kubahatisha, alimgeukia mwenzake wa kazi akasema, "Unaona, collègue? Huyu iko na masikio ya kazi." Nimesifiwa na watu kadhaa maishani mwangu, wengine wakiwa wamevaa tai, lakini hakuna sifa iliyonikaa kama hiyo.

Mama yangu mzazi alikufa kabla sijaweza kumkumbuka. Tuliishi watatu: papa, mimi, na tantine, dada mkubwa wa papa, aliyekuwa anauza sokoni samaki wakavu waliotoka Kinkondja. Tantine alikuwa mwimbaji wa korali ya Wamethodisti, na alikugombeza kwa sauti ileile aliyomsifia Mungu, ya juu na yenye pumzi ndefu. Alinipenda, sina shaka. Ila mapenzi yake yalikuwa ya kuhakikisha nimekula, nimeoga na sijaibiwa.

Kosa langu lilianzia shuleni. Mwalimu wetu alikuwa anatufundisha maneno ya Kifaransa, anaandika neno ubaoni na maana yake kando, sisi tunaimba pamoja. Siku moja akaandika *le visiteur*, na kando yake: *mugeni*. Tukaimba. Wenzangu walipita kwenye neno lililofuata, mimi nikabaki pale pale mdomo wazi. Papa ni mgeni! Kazi yake ni ugeni! Yote yakajipanga. Ndiyo maana hakai sana nyumbani. Ndiyo maana tantine humpa sahani yenye maua, ile ambayo mimi siruhusiwi hata kuipangusa, na fotei, kiti pekee chenye mikono cha sebuleni. Ndiyo maana kila anapofika anasimama langoni na kugonga kokoko, ilhali nyumba ni yake. Sikumuuliza mtu yeyote, kwa kuwa nilijiona nimekwisha kujua. Nilijivunia hata kidogo, maana baba za wenzangu walikuwa makarani na walimu, na wa kwangu alilipwa kwa kutembelea, hata magurudumu aliyabishia hodi.

Kisha akahamishiwa Kabalo. Mvua zilikuwa zinaisha, barabara ya kwenda gare bado ina madimbwi. Aliinama langoni, sanduku mkononi na nyundo begani.

"Utarudia lini?" nilimuuliza.

"Nitarudia. Ukisikiya kokoko, fungua. Itakuwa minyi, papa yako."

Alisema kama wazazi wanavyosema, kwa kutaka kuondoka bila kilio. Mimi nililichukua neno lile kama lilivyo.

Kilichofuata ni kipindi ambacho hadi leo nikikifikiria naona kimya chake. Kutoka shule nilifika nyumbani saa ya jua kali, tantine yuko sokoni mpaka jioni, na amri yake ilikuwa moja: "Usifungulie muntu. Akipika kokoko, uliza jina kwanza. Akikosa jina, nyamaza kama haiko muntu mu nyumba." Nilikula bukari baridi, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo peke yangu, nikaosha sahani yangu moja, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Watoto wa jirani niliwasikia wanacheza upande wa pili wa ukuta, na nililijua jina la kila mmoja kwa sauti bila kujua sura zao vizuri. Nilikuwa mpweke, na kwa kuwa nilikuwa mdogo sikujua kwamba hali ile ina jina. Nilidhani ndivyo mchana ulivyo.

Kiangazi kikaingia na baridi yake ya asubuhi. Siku moja nimekaa pale pale kwenye ngazi, nikasikia: trrrrrr-ko, ko, ko. Kwanza mbio, kisha polepole, kisha yale ya mwisho, yaliyoachana vizuri, ya mtu mwenye adabu anayejua kubisha. Niliruka nikakimbia hadi langoni.

"Weye nani?"

Nikachungulia kwenye ufa. Ilipita baiskeli ya muuza makaa, hakuna mwingine. Nikarudi kwenye ngazi, sijakaa sawasawa, trrrrrr-ko, ko, ko. Nikakimbia tena. Siku ile nilikimbia hadi nikakata kandambili, na tantine aliporudi alinikuta langoni na kandambili mkononi, macho yamevimba.

"Papa anabisha, halafu anaenda," nilimwambia.

Tantine alitua beseni lake la samaki. Ilisikika tena, nyuma ya nyumba, na uso wake ukalegea kwa kicheko.

"Ile? Ile iko ndeke, mutoto yangu! Ule ndeke mwenye kupikaka muti."

Kwetu kupika ni kugonga pia: tunapika ngoma, tunapika simu, na bukari tunaipika vilevile. Nikamuuliza huyo ndege anapika mti kwa moto gani. Tantine alicheka hadi akashika ukuta, na jioni nzima, kila aliponitazama, mabega yalimtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimempata papa mchana na kumpoteza jioni ileile.

Kesho yake niliamua kumwona huyo mwongo kwa macho yangu. Nyuma ya nyumba palikuwa na mwavokado mkubwa ambao nusu yake ilikuwa imekufa, matawi makavu yameinamia manjanja ya paa la bati. Alikuwa kwenye tawi la juu kabisa, lililo kavu zaidi. Kigong'ota. Jina hilo nimelijua ukubwani. Wakati ule alikuwa ndege tu, mwenye mgongo wa mistari myembamba, kofia nyekundu kisogoni, na mstari mweusi unaoshuka shavuni kama ndevu za mtu ambaye hakunyoa upande mmoja. Alikuwa ameegemeza mkia mkavu juu ya gome kama kigoda. Aligonga, akainamisha kichwa, akasikiliza. Akapanda kidogo. Akagonga, akainamisha kichwa, akasikiliza.

Nilijua hapo hapo nimemwona nani. Alikuwa mfanyakazi mwenzake papa. Alikuwa visiteur wa miti, na kama papa ameshindwa kuja mwenyewe, amemtuma huyu na komisio, yaani ujumbe. Nikampa jina la Collègue, na tangu siku ile kila alipopiga ile trrrrrr-ko, ko, ko yake, nilimjibu kwa sauti kubwa: "Karibu!"

Sikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo nilijifunza kusikiliza. Niligundua kwamba Collègue ana mke, asiye na kofia nyekundu, na kwamba wana jirani mdogo, mwenye mabaka kifuani, anayegonga kwa sauti hafifu na ya haraka, kama mtu anayechezesha kucha mezani; huyo hakunihusu. Niligundua pia kwamba kugonga si kwa aina moja. Anapotafuta wadudu anagonga ovyo, hapa mara moja, pale mara tatu, na magamba ya mti yanaanguka. Kuna siku alihamia kwenye shina, akawa anagonga kwa sauti nzito iliyozibwa, saa nzima, na vumbi la mbao likamwagika chini. Lakini ile kokoko yenyewe aliipiga kwenye tawi moja tu, lile kavu la juu, na hapo hakuwa anakula kitu. Hapo alikuwa anasema. Nilifumba macho kama papa alivyonifundisha, nikatofautisha yote matatu bila kukosea, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nina masikio ya kazi.

Tantine alikuwa na mipango yake kuhusu mti huo. Tawi lingeanguka lingetoboa paa, na kuni zilikuwa kuni. Siku aliyosema ataita mwanamume mwenye shoka nililia kwa namna iliyomshtua.

"Papa atanibishia wapi?" nilisema.

Alinitazama, mwiko mkononi. Sijui alisoma nini usoni mwangu. "Basi tutangojea papa yako," alisema mwishoni. "Lupango ni yake. Yeye njo atasema bakate ao baache." Hivyo mti nao ukawa unamngoja papa, pamoja nami.

Alikuja jua likiwa kali tena, kabla ya mvua za kwanza. Nilikuwa mezani na kitabu cha hesabu. Nikasikia ko, ko, ko, na kabla sijafikiria lolote nilikuwa langoni nimekwisha kuinua komeo. Sikuuliza jina.

"Ulijua kama iko minyi?" papa aliuliza. Alikuwa amekonda. Alinuka grisi.

"Ndeke anaanzaka mbio, anamalizaka polepole. Weye unapikaka sawasawa."

Ilibidi nimweleze ndege gani. Nikamweleza yote, na kuhusu Collègue, na jinsi ninavyomjibu karibu, naye alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja, na alipomaliza kujifuta macho yalikuwa bado mekundu. Tantine aliingia kutoka sokoni, akamsalimu kwa Kiluba, "Wakomapo, vidye," akipiga viganja polepole. Akachinja jogoo. Akatoa sahani yenye maua. Papa akaketi kwenye fotei, magoti pamoja, akashukuru kwa kila kitu alichopewa. Walipokuwa wanaongea Kiluba kwa sauti ya chini nilisikia Kabalo, nikasikia *mwana*, yaani mtoto, na sikujua ni mimi au ni mwingine. Kisha nikasikia tantine anafunika sufuria kwa nguvu kuliko sufuria inavyohitaji.

Asubuhi papa alichukua nyundo yake akanipeleka kwenye mwavokado. Aligonga shina chini: sauti nzito, ya kitu kizima. Akagonga juu zaidi, taratibu.

"Sikiya. Njo nini?"

"Iko wazi ndani."

"Njo vile. Weka sikio."

Alininyanyua. Ndani ya mti palikuwa na sauti ndogo ya kuchemka, kama mafuta kwenye kikaango.

"Batoto," papa alisema. "Njala inabauma." Akamwita tantine akamwambia mti usikatwe mpaka watoto hao waruke.

Nikamuuliza papa, huyo Collègue anabisha ili nani amfungulie.

"Nyumba iko yake, aombe nani? Anasema tu: niko hapa."

"Anaambia nani?"

"Mwenzake."

"Na mwenzake akikosa kusikiya?"

Papa aliishusha nyundo, akaipangusa kwa shati ingawa ilikuwa safi. "Anapika tena," alisema. Halafu, bila kunitazama: "Mama, kule Kabalo uko na dada. Mutoto mudogo sana. Jina yake ni Numbi."

Nilifikiri kwanza. "Utamupeleka ku train siku ya Samedi? Asikiye magurudumu?"

Aliniambia kwamba masomo yangu yako hapa, na tantine yuko hapa, na kwamba yeye atakuwa anakuja. Nilikuwa nimefunga nguo zangu ndani ya mfuko tangu jana yake, nimeuficha chini ya kitanda, kwa kuwa nilidhani amekuja ama kubaki, ama kunichukua. Sikumwambia. Nilirudi chumbani nikazitoa nguo moja moja, nikazikunja upya kwenye sanduku.

Alipoondoka tantine alimpa samaki waliofungwa vizuri kwenye karatasi, kama unavyompa mtu anayerudi kwake. Mwendesha pikipiki alikuwa anamsubiri. Nami nikasimama kwenye lango, mikono nyuma, nikasema tunavyowaambia wageni wote wanapoaga.

"Karibu tena, papa."

Alikuwa ameshainua mguu kupanda. Akaushusha. Alinitazama kama mtu aliyegonga gurudumu na kusikia ufa. Tantine alinivuta kidogo kwa bega, pikipiki ikaunguruma, akaenda.

Alirudi mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na kila mara aliielekea fotei mwenyewe bila kuonyeshwa. Vifaranga vya Collègue viliruka. Mti haukukatwa, uliangushwa na upepo wa mvua mwaka mwingine, ukakosa paa kwa hatua chache, na tantine alimshukuru Mungu kwa wimbo mzima. Maana halisi ya visiteur niliipata nikiwa msichana mkubwa, kutoka kwa mzee wa gare aliyeshangaa kwamba sijui maana ya jina la kazi ya baba yangu mwenyewe. Nilicheka pamoja naye. Njiani kurudi nyumbani niliona kwamba tafsiri ya mwalimu ilikuwa sahihi vilevile. Baadaye nikapata kazi ofisini, tantine akafariki, lupango likawa langu. Papa alinipigia simu siku za sikukuu. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana afya, kila mmoja akamwachia mwenzake nafasi ya kukata.

Numbi alilala kwangu. Asubuhi hii alikuwa uani, ameinama juu ya beseni, uso mzima sabuni, nami nimesimama karibu, taulo mkononi. Kwa jirani kuna mti mkavu uliosimama, na juu yake, bila haya yoyote, akaanza mmoja: trrrrrr-ko, ko, ko.

"Karibu!" akasema Numbi ndani ya povu, bila kuinua kichwa.

Nilimuuliza anamkaribisha nani.

Aliinuka akafungua jicho moja, ameona aibu, akaniita kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu. "Pardon, yaya. Ni mazoea. Kwetu Kabalo wote tunajibiaka vile, papa njo alianza. Ule ndeke akipika tu, papa anaacha kijiko, anasema karibu. Mama anamuuliza, unakaribisha nani? Anasema, ni mutoto yangu ya Kamina, anapika mulango." Alipapasa hewani kutafuta taulo. "Hata wakati wa ugonjwa. Sisi tulizani ni mchezo wa muzee."

Nilimpa taulo. Alijifuta, akaniona, akaacha kujifuta.

Kutoka Kamina kwenda Kabalo ni treni moja tu, hubadilishi popote. Sikuwahi kuipanda.